Ng'ombe Wazima wa Kwenye Karatasi

Naikumbuka siku ile kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, na mke wangu akinisikia nasema hivi atanuna wiki nzima. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka bara na cheti changu cha mifugo, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inanikata shingo. Nilisimama mbele ya wakubwa wa ofisi yetu, katika chumba cha ghorofani Mji Mkongwe, nikabandika ukutani karatasi kubwa niliyoichora kwa penseli za rangi. Kijani ni ng'ombe wazima, nyekundu ni wagonjwa. Mwanangu, karatasi ile ilikuwa kijani tupu kama bonde la mpunga. Wakubwa wakanipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Nakusimulia haya leo kwa sababu nimechoka. Nakwambia kweli, nimechoka na nyinyi vijana wa utafiti. Wiki iliyopita walinijia vijana wawili kutoka chuoni Tunguu, binti na mwenzake wa kiume, watoto wenye adabu zao, wakaniamkia vizuri nikaitikia marahaba. Wakasema wanafanya utafiti juu ya afya ya mbuzi wanaofugwa mjini. Mimi nina mbuzi wanne nyuma ya nyumba hapa Ng'ambo, wa kunipotezea mawazo ya ustaafu. Basi wakasimama pale pale kizingitini, simu mkononi, wakauliza maswali yao wakibonyeza, na wakaondoka kabla chai haijachemka. Nitawarudia baadaye, maana nikianza nao sasa presha itanipanda na dawa zangu zimekwisha.

Mwaka ule wa ujana wangu ofisi ilikuwa imepata dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe, lakini haikutosha kisiwa kizima. Kupe, kwa wewe usiyefuga, ndiye anayemletea ng'ombe ndigana. Ni homa inayovimbisha matezi chini ya sikio, na humwangusha mnyama kabla mwenyewe hajajua amwite nani. Basi swali lilikuwa moja tu: dawa iende wapi kwanza, kaskazini au kusini? Bwana mkubwa wetu akasema tusibahatishe, tuhesabu. Mwenzangu akapelekwa kaskazini, mimi nikapelekwa kusini, kila mmoja apite nyumba kwa nyumba aandike ng'ombe wazima wangapi na wagonjwa wangapi, kisha tulinganishe. Lilikuwa shauri zuri, na hata leo silitoi kasoro. Kasoro ilikuwa mimi.

Nilipewa pikipiki na wiki mbili. Nikamaliza kwa siku tano, na nikajisifu kwa hilo! Haraka haraka haina baraka, lakini nenda kamwambie kijana aliyekabidhiwa pikipiki mpya.

Nilikuwa nafika uani kwa watu, napiga hodi ningali juu ya pikipiki, injini inanguruma. "Hamjambo?" "Hatujambo." "Habari za hapa?" "Nzuri." "Na ng'ombe, hawajambo?" "Hawajambo, alhamdulillahi." Basi naandika: wazima. Nageuza pikipiki, nakwenda nyumba ya pili.

Unacheka? Cheka. Wewe ni mtoto wa hapa hapa, unajua vizuri kwamba katika nchi hii unaweza kumkuta mtu amefiwa jana, ukamuuliza habari, akakwambia nzuri. Atakukaribisha, atakutandikia mkeka, atakupa maji ya kunywa, atauliza habari za watoto wako mmoja mmoja, ndipo aseme, "Lakini sisi jana tumepata msiba." Salama ni mlango tu, habari zenyewe zimo ndani. Mama yangu alinifunza hivyo kabla sijajua kufunga vifungo vya kanzu yangu, na mimi mwenyewe ndivyo ninavyojibu mpaka leo. Lakini nilipoishika ile fomu, niliyasahau ya kwetu yote, nikawa kama mtu aliyeteremka uwanja wa ndege asubuhi ile. Sijui karatasi ina nini. Mtu akishaishika anajiona hana mama.

Na jingine, ulikumbuke maana tutalikuta mbele. Nyumba ambayo banda lake halikuwa na ng'ombe sikuipigia hodi. Fomu ilisema wafugaji. Asiye na ng'ombe si mfugaji, sasa nimuulize nini?

Dawa yote ikaenda kaskazini.

Masika yakaingia. Hata wiki tatu hazijapita, sheha wa kijiji kimoja cha kusini, jina silitaji kwa sababu watu wake bado wananisalimia, akapanda mwenyewe ngazi za ofisi yetu, kanzu imerowa mvua, akasema ng'ombe wanakwisha. Bwana mkubwa akaitazama karatasi yangu ya kijani, ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Nenda kaangalie." Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nyumba ya kwanza niliyofika ilikuwa ya Bi Kazija. Huyu alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja chotara, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, aliyempa jina Neema. Maziwa ya Neema yakiletwa mjini kila asubuhi, na ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha uuguzi binti yake, Asha. Hapakuwa na mkono mwingine wa kuwasaidia. Nikamkuta Bi Kazija amekaa bandani juu ya kigoda, kichwa cha Neema kiko mapajani mwake. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida, mapovu puani, matezi chini ya masikio yamevimba mpaka nikayaona nikiwa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za..." Nikalimeza neno lenyewe.

"Malizia," akasema. "N'ulize habari za ng'ombe. Nnakusubiri nkujibu."

Badala ya kumalizia, ujinga wangu ukanisukuma nikamlaumu. Ndiyo, nilithubutu! Nikasema, "Bibi, mbona siku ile ulinambia mzima? Ungenambia kweli, dawa ingekuja."

Akampangusa yule ng'ombe mapovu kwa upindo wa kanga.

"Ulinisalimu, nkakuitika salamu yako," akasema. "Ulitaka nkumwagie maradhi ya nyumba yangu, nawe hata kuteremka kwenye chombo chako hujateremka? Siku ile nshateleka maji nkupikie chai. Kugeuka, nasikia mlio unakwenda zake. Ungekaa nngekwambia hali majani tangu jana yake. Na hata nsingekwambia, una macho, una mikono. Ungeingia hapa ukamtia mkono chini ya sikio, nani angekuficha? Wazee wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, ulikuja. Kapona nani?"

Nikadhani amemaliza, kumbe hajamaliza.

"Na pale kwa jirani yangu Haji, ulipita?"

"Sikupita."

"Kwa nini?"

"Hana ng'ombe."

"Na kwa nini hana?"

Mwanangu, mpaka leo swali lile hunijia nikiwa nakula, nikaiacha sahani. Haji alikuwa na ng'ombe watatu, na wote walikufa siku chache kabla sijapita na pikipiki yangu. Na si yeye peke yake. Njia nzima ile nilikuwa nimeyapita mabanda matupu, moja baada ya moja, nikiyaona kwa macho yangu, samadi ndani bado mbichi, na kila nilipoliona banda tupu nilifurahi kwamba kazi imepungua. Wale waliokufa ndio waliopaswa kuwa wekundu wa karatasi yangu. Fomu haikuwa na mahali pa kuwaandika, na mimi sikuwa na akili ya kuigeuza karatasi upande wa pili nikawaandika huko.

Nilirudi mjini mbio, nikapiga magoti, nikapata dumu moja la dawa lililorudishwa kutoka kaskazini. Halikumfaa kitu Neema, maana dawa ya kuogeshea huzuia, haifufui. Alikufa kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, ndivyo tunavyosema, na watu wa ofisini walipenda sana kuitumia methali ile kuwasema wanakijiji. Lakini Bi Kazija hakuficha. Hakuulizwa.

Asha akaacha uuguzi. Akarudi kijijini, akaingia baharini kulima mwani pamoja na wanawake wenzake, akalima mpaka vidole vikapasuka kwa chumvi. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Nikikutana naye ananiamkia kwa heshima, nami namuuliza habari, naye ananijibu, "Salama." Miaka yote hii ananijibu salama, na kila akinijibu natamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo niliomba niirudie kazi yote, na safari ile pikipiki niliiacha ofisini. Nilikwenda kwa miguu. Nilikaa kila nyumba, nikanywa kila chai niliyopewa mpaka tumbo likawa linacheza. Nilingoja salama zote zipite. Kisha nikaomba nipelekwe bandani, nikashika sikio la kila ng'ombe, nikahesabu kupe kwa vidole, na palipokuwa na banda tupu nikauliza limekuwa tupu tangu lini na kwa nini. Ilinichukua muda mrefu kuliko ule niliopewa mwanzo, na nikakatwa siku za likizo. Karatasi ya pili ilikuwa nyekundu kama mdomo wa mla tambuu, sikupigiwa makofi na mtu, na dawa iliyofuata ikapelekwa kusini. Ng'ombe waliobakia wakasalimika. Karatasi ile ndiyo kazi pekee niliyoifanya maishani mwangu ambayo sioni haya nayo.

Sasa turudi kwa wale watoto wa Tunguu, maana nimekwisha pumua. Waliponiuliza, "Babu, mbuzi wako hawajambo?", unajua nilijibu nini? Mimi, mwenye kisa hiki chote? Nikajibu, "Hawajambo, alhamdulillahi." Ulimi una mazoea yake. Na wakati ule ule nyuma ya nyumba beberu wangu mkubwa alikuwa anakohoa, nao wanamsikia! Yule binti hata aligeuza shingo kidogo. Nikafungua mdomo niseme, "Karibuni ndani, kuna mmoja simwelewi," lakini wao wamekwisha bonyeza, wamekwisha shukuru, wamekwisha geuka. Nikabaki na birika langu. Yule beberu alikufa Ijumaa, na wawili wa jirani wameanza kukohoa vile vile. Kwenye simu yao yuko hai, mzima wa afya, na ripoti ikitoka mtaona mbuzi wa Ng'ambo hawana tatizo.

Nami nilistaafu nikidhani haya yamekwisha!

Mwanangu, usinielewe vibaya ukaenda kusema babu anachukia hesabu. Nazipenda. Nyinyi mna mashine zinazokokotoa kwa kufumba na kufumbua jambo lililonichukua mimi mwezi na kifutio kizima. Lakini mashine haijui kwamba sisi ni watu wa salama. Mtaitia salama, itawatolea salama yenye desimali. Na msidhani ni mifugo tu. Nendeni Darajani mkawaulize wenye maduka biashara inaendaje. Mwenye kupata atawaambia tunashukuru, anaogopa husuda. Mwenye kufilisika atawaambia tunashukuru, anaona haya. Na yule aliyekwisha funga duka hayupo kuwajibu, mtampita kama nilivyompita Haji. Kisha mtachukua hizo shukurani mtatafuta wastani wake! Wastani wa nini?

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike. Ukienda kuwahesabia watu mali yao au maradhi yao, kwanza teremka. Kaa. Kunywa unachopewa, hata kama sukari imezidi. Jibu la kwanza ni la heshima, lipokee kwa heshima, usiliandike. Kisha omba uone kwa macho yako na ushike kwa mikono yako, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukipita penye banda tupu au mlango uliofungwa, hapo ndipo upige hodi mara tatu, ukamuulize Haji kwa nini hana. Karatasi ikikosa nafasi ya kumwandika, geuza nyuma umwandike.

Mwenyezi Mungu akufungulie macho, akupe elimu yenye manufaa na subira ya kungoja birika lichemke. Akuepushe na makofi ya bure. Akujaalie, ukifika umri wangu, ukutane njiani na watu uliowahesabu, uwaulize habari, wakujibu salama, na iwe ni salama kweli.