Macho ya Rubani

Wiki jana, kwenye baraza la hospitali Lushoto, nilimkuta kijana wa Lukozi aliyesomea urubani ng'ambo. Leseni anayo na cheti cha afya anacho, lakini vya sheria za huko. Lazima apimwe upya ndipo arushe ndege hapa kwetu.

"Soma kibao kile cha getini," daktari akamwambia.

Ukungu ulikuwa umeshuka, hata geti lenyewe halionekani. "Sikioni, daktari."

Bibi mmoja benchini, anayekijua kibao kwa kichwa, akamnong'oneza, "Uhuru na Kazi."

"Shikamoo, bibi. Asante, lakini sikioni."

Daktari akatugeukia. "Nyie mnakiona?"

Benchi zima tukanyoosha mikono, tukidhani tunamsaidia kijana wetu. Daktari akaandika: macho mabovu.

Kijana karudi Lukozi kupalilia kabichi. Sijui sasa nani atarusha ndege zetu. Naomba tu asitoke kwenye benchi lile.