Mama Yeye Hakuongeza Neno

Marlène Furaha alipewa jina la Mama Yeye kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe alilifanya mara nyingi, mbele ya watu wengi.

Katika wiki yake ya kwanza kama msaidizi wa mwalimu kwenye shule moja ya sekondari mtaani Balsall Heath, ughaibuni, alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu akatangaza kwa Kiingereza kwamba mwalimu wa hisabati atachelewa, kwani "she" anaumwa jino. Mwalimu wa hisabati alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizofika kifuani. Kesho yake alimwita katibu wa shule, mama wa watoto wanne, "he". Kicheko kilisambaa hadi madarasani. Mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Mombasa akawaeleza wenzake kwamba kwa Kiswahili watu wote ni "yeye", na tangu siku hiyo jina likamganda.

Jina halikumkera. Kilichomkera ni kicheko. Kila siku, baada ya kengele ya mwisho, aliketi kwenye meza iliyo karibu na dirisha la maktaba, akaandika ripoti za usomaji za wanafunzi wake, kisha akazipitia kwa kalamu nyekundu: hapa "she" imekatwa na kuwa "he", pale "he" imekatwa na kuwa "she". Nilikuwa nikifundisha chumba cha jirani, na ninaweza kushuhudia kwamba ilimchukua miaka sita kupata ukurasa usio na mkato hata mmoja.

Ndipo Ciza, mwanafunzi wa mwaka wa tisa ambaye wazazi wake walitoka Uvira kama Marlène, alipoomba atajwe shuleni kwa neno "they", lisilomweka upande wa wavulana wala wa wasichana. Katika chumba cha walimu wengine walilalamika kwamba neno hilo ni gumu, ulimi haujalizoea. Marlène akatua kikombe chake.

"Miaka sita mlinicheka kwa 'he' na 'she'," alisema. "Nikajifunza. Ninyi mnaombwa neno moja tu, tena la lugha yenu wenyewe. Jifunzeni."

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Habari zilifika kanisani kwao, Winson Green, kabla ya Jumapili. Mama Précieuse, msimamizi wa chai, alimsubiri karibu na sahani ya maandazi, akamuuliza kwa Kiswahili cha Uvira.

"Mama Marlène, ule mutoto ni wa kike ao wa kiume?"

"Ni wa mwaka wa tisa."

"Unajibu sawa avoka wa korti!"

"Na weye unauliza sawa polisi wa mpaka. Nipe chai."

Mambo yaliharibika mwezi uliofuata. Mwalimu wa muda aliwapanga wanafunzi mistari miwili, wavulana huku, wasichana kule. Ciza akabaki katikati. Alipoamriwa achague mbele ya wote, alichukua mkoba wake, akatoka getini, na kwa siku kumi na moja hakurudi. Aliapa kwamba hatarudi bila neno lake; na shule, kwa upande wake, haikuwa tayari kulitumia bila idhini ya mzazi. Kwa hiyo naibu mkuu wa shule, Mwalimu Inderpal, alimwita baba.

Gédéon, ambaye watu wa kwao humwita Papa Ciza, alifika moja kwa moja kutoka kiwandani Aston, akiwa bado amevaa koti la kazi. Kiingereza chake kilimtosha kwa mashine, si kwa mikutano. Marlène aliketi kati yao ili atafsiri.

"Mutoto wangu anakataa kula," alianza Papa Ciza. "Anafunga mulango. Anasema haendi masomo tena."

Marlène akamgeukia Mwalimu Inderpal, akatafsiri sentensi moja moja, kila mara kwa "they".

Papa Ciza aliinua kichwa. "Ngoja kwanza. Hao 'they' ni wangapi? Miye nimesema mutoto mumoja."

"Ni mumoja, Papa Ciza."

"Basi tafsiri vile iko. Ile neno ya kusema unaijua. Weye ni mama wa kanisa."

"Ulisema 'anakataa'. Ulisema 'anafunga'. Ile 'a' yako ni ya mwanaume ao ya mwanamuke?"

Baba alifikiri. "Haina upande."

"Bon. Miye nikiongeza upande, nitatia mu kinywa yako neno hukusema. Niliitwa kutafsiri. Kuongeza, hapana."

"Lakini 'they' ni watu wengi!"

"Baba mukwe wako akikuja kukutembelea, unasema 'amefika'?"

Papa Ciza alishtuka. "Ah, hapana! Kwa heshima, 'Wamefika.'"

"Wanakujaka na kikosi?"

Kicheko kilimponyoka Papa Ciza, kisha akafunika macho kwa kiganja. Mwalimu Inderpal aliuliza kinachoendelea.

"Sarufi," alijibu Marlène. "Subiri kidogo."

"Kanisa itanisema," alisema baba kwa sauti ya chini.

"Miye inanisema tangu mwezi uliopita. Niangalie: nimekonda?"

Papa Ciza alifungua kifungo cha koti lake, akakifunga tena.

"Ku nyumba nitaendelea kusema 'yeye'," alisema hatimaye.

"Hata miye. Ndiyo jina langu hapa."

"Basi. Hapa ku masomo, waseme vile anataka. Arudi tu."

Marlène alitafsiri, na Mwalimu Inderpal akaandika.

Ciza alirudi Alhamisi. Alasiri yake aliketi na Marlène karibu na dirisha la maktaba, akasoma kwa sauti kurasa kumi na moja, akijikwaa mara mbili na kuendelea. Kengele ilipolia na chumba kikabaki kitupu, Marlène alifungua daftari la ripoti, akaandika sentensi tatu za Kiingereza, kila moja ikianza kwa "they". Akachukua kalamu nyekundu, akazipitia neno kwa neno tangu mwanzo. Hakukuta cha kukata. Akaifunika kalamu, akalirudisha daftari rafuni, akafunga dirisha.