Kikapu cha Barazani

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa na cheti kipya cha ukunga na kiburi cha kukitosha. Nilitoka Mombasa, nikajitolea katika kliniki ya uzazi karibu na Msambweni: vyumba viwili, vitanda vitatu na mkasi mmoja niliouchemsha kwenye stovu. Wanawake walikuja, wakapimwa, na uchungu ulipokolea wakaomba kwenda chooni, wasirudi. Wachache waliobaki niliwazalisha, kesho yake nikawaruhusu.

Nilishajua nani wa kulaumiwa. Ajuza mmoja, mkunga wa kijijini, aliketi barazani kwetu kila siku na kikapu kilichofunikwa leso. Nilimwamkia shikamoo shingo upande. Niliamini kikapuni mna dawa za mitishamba, na kwamba ananiibia wajawazito wangu mmoja mmoja.

Akaja mke wa mkata miwa wa Ramisi. Uzazi uliotangulia alivuja damu hadi akazimia. Akijifungulia nyumbani safari hii, sikuona atakavyopona. Asubuhi ya pili, uchungu ulipopamba moto, nikamwona anateremka kitandani. Ajuza alikuwa amesimama nje, kikapu mkononi.

Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya kikapu mbele za watu, nikakimwaga sakafuni. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Kulikuwa na chungu kipya, kitambaa cheupe na kijembe kifupi.

"Vya kondo la nyuma," akasema ajuza, akiviokota. "Lazikwa nyumbani kwao mtoto. Nyinyi mwalitia wapi?"

Aliyejibu ni mke wa mkata miwa, ameshikilia mlango. "Chooni. Na wengine wasema huyu hulikata vipande, akauza Mombasa."

La kuuza lilikuwa uongo. La chooni lilikuwa kweli, na aibu ilinishika. Muda wote nilipomshuku ajuza, kijiji kizima kilikuwa kikinishuku mimi.

"Likitoka nitampa bibi mkononi," nikamwambia. "Rudi ulale, tafadhali."

Yeye akamgeukia ajuza. "Basi ingia nawe, uiangalie mikono yake."

Ajuza akaingia, akakaa, wala hakupepesa macho. Adhuhuri akazaliwa mtoto wa kike, kondo likafuata, nikalitia chunguni. Ndipo damu ikaanza. Nilimchoma mama sindano, nikamkanda tumbo, haikukoma. Ajuza naye alikuwa amelitoa kondo, analigeuza huku na huku juu ya kitambaa, analipapasa ukingoni kwa vidole.

"Pana pengo hapa," akasema. "Kipande ki wapi, mwanangu?"

Nilitaka kumfokea. Mgonjwa ananifia, yeye ananishuku wizi! Nikamfumbulia mikono yote miwili aione mitupu, na papo hapo nikaelewa. Kipande kilikuwa bado tumboni. Nikakitoa, mama akipiga kelele na ajuza akimshika mabega, na damu ikapungua, ikakoma.

Ajuza alikipokea kile kipande, akakilinganisha na pengo mpaka kikaenea. Akaviweka vyote chunguni, akafunika. Mama alikuwa amelala, anapumua vizuri.

"Na makondo ya wale wengine," akaniuliza bila ukali, "uliyatazama?"

Tulifundishwa kuyatazama kama yametoka kamili. Mimi niliyatia kwenye ndoo, nikaenda kuyamwaga. Sikuwa nimetazama hata moja.