Somo la Cherehani kwa 5G

Cherehani ya mke wangu ilianza kuruka mishono siku ya Ijumaa, na sare za shule alizokuwa akishona zilitakiwa Jumatatu. Nilimzuia asiipeleke kwa fundi. Nilikuwa na simu mpya ya 5G, na mambo mengi nimejifunza mwenyewe mtandaoni.

Nilinunua kifurushi cha wiki kwa bei ya kuku, nikafungua video ya matengenezo ya cherehani. Kisha, kama tulivyozoea hapa Misunkumilo, niliiacha simu barazani ili video ijivute yenyewe polepole, nikaenda kupalilia mahindi. Kwa mtandao wa zamani, ukimaliza mistari mitatu unakuta dakika tano za video ziko tayari.

Safari hii nilikuta somo limekwisha, video nyingine nyingi zimefuata, na kifurushi cha wiki nzima kimekwisha. Mama mkwe wangu alikuwa pale pale anamenya karanga.

"Baba, simu yenu inaongea sana," alisema. "Mara cherehani, mara watu wanakaanga samaki."

"Mama, ile ya cherehani uliisikiliza?"

"Ningekimbilia wapi? Yule fundi wa kwenye video alisema wengi wanaweka sindano kinyume. Si wewe uliyeibadilisha Alhamisi?"

Niligeuza sindano. Mshono ukanyooka.

Jumapili mke wangu alimaliza sare ya mwisho, akaniuliza kwa upole kifurushi kijacho tumnunulie nani, mimi au mama yake.