Vijia Viwili vya Fundi Saa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, Fundi Saa aliuzunguka uwanja wa mtaa wetu mara tisa. Kwa miaka ishirini na sita aliuzunguka na mkewe. Miwili iliyofuata, baada ya kumzika, peke yake. Uwanja wenyewe haukuwa na la kujivunia: nyasi, miti sita na goli moja, kwa kuwa la pili lilishageuka kuni. Ila ukingoni kulikuwa na vijia viwili vilivyokwenda sambamba kama reli. Cha kulia kilikuwa cheupe kwa kukanyagwa. Cha kushoto kilikuwa kimeanza kuota nyasi.

Kisha kiwanda cha magodoro kikauomba uwanja. Halmashauri ikabandika tangazo: ardhi isiyotumiwa na wananchi itakabidhiwa mwekezaji, na mkaguzi angekuja Jumatano kujionea.

Kamati ya mtaa, chini ya mwenyekiti wake Kinyozi, ilikaa vikao vitatu ikaafikiana kwamba mgeni asikute uchafu. Uwanja ukafagiliwa. Watoto wakapigwa marufuku na mpira wao, kina mama wakaambiwa nguo waanike kwao, wacheza karata wakahamishwa na mikeka yao. Kinyozi akamfuata Fundi Saa kibandani.

"Mzee wangu, Jumatano pumzika. Usituharibie."

"Niharibu nini? Nyasi?"

"Si nyasi, ni picha! Mtu mmoja anazunguka kama mbuzi wa kamba, mgeni ataonaje?"

"Ataona mbuzi," alisema Fundi Saa, akairudia saa aliyokuwa ameifungua.

Jumatano mkaguzi alikuta uwanja safi kama sahani iliyorambwa, na mtupu vilevile. Wanakamati walikuwa wamejipanga barabarani ndani ya suti, tayari kupiga makofi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaandika: "Watumiaji: hakuna." Hapo Fundi Saa akatokeza nyuma ya miti, mzunguko wa nne.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Natembea."

"Na nani?"

Fundi Saa alikitazama kijia cha kushoto. "Siku hizi, mwenyewe."

Mkaguzi alikuwa mtu wa kanuni. Alifuta "hakuna," akaandika "mmoja," kisha akavipima vijia kwa hatua mpaka akarudi alipoanzia. Kanuni ilisema njia ya miguu haifungwi bila ridhaa ya anayeitumia. Uwanja mzima ukawa unangoja saini ya mtu mmoja.

Bwana wa kiwanda hakuchelewa kufika kibandani, na fomu mkononi na godoro la sita kwa sita juu ya gari.

"Tutakupa njia nyingine, baba. Nzuri zaidi, ina taa."

"Hiyo mke wangu hakuipita."

"Basi chukua hata godoro, ulale kwa nafasi."

"Nafasi ninayo. Upande mmoja haujaguswa mwaka wa pili huu."

Godoro likarudi lilikotoka, na kiwanda kikatafuta mji mwingine.

Mtaa ulisherehekea. Kinyozi alihutubia, kwa kirefu, juu ya mapambano yake. Mabenchi yakaletwa, miti ikaongezwa, watoto wakarudi na mpira. Na kamati, kwa kumuenzi mzee, ikamwaga zege juu ya vijia vile viwili, vikawa njia moja pana. Kuifunga njia kulihitaji ridhaa yake. Kuiboresha hakukuhitaji lolote. Fundi Saa alisimama akitazama saruji ikisawazishwa. Alisema ahsante, akarudi kibandani.

Siku hizi uwanja hujaa tangu alfajiri. Watu hutembea wanne wanne, wakipiga soga. Fundi Saa huzunguka mara zake tisa, ukingoni kabisa upande wa kulia.

"Mzee, njoo katikati! Njia yote hii, unajibana nini huko?"

"Hapa hapa pananitosha."

Wenye haraka humpita kwa kushoto. Wakifika ubavuni mwake, yeye hupunguza mwendo na kuwaacha watangulie, mpaka kushoto kwake pabaki wazi tena.