Kilihama Kila Kilipokazwa

Baba mkubwa wangu alikuwa mkaguzi wa vipimo katika kiwanda cha pampu. Wafanyakazi walimbandika jina la Unywele, kwa sababu chuma kikizidi kwa unene wa unywele mmoja alikirudisha. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikiweka mezani mbele yako, akakigusa kwa kidole, akaenda zake. Watu walisema heri utukanwe na meneja tusi la nguoni kuliko kugusiwa chuma kwa kidole kile.

Ni yeye aliyemwingiza baba yangu kiwandani. Baba ni mdogo wake, wamepishana miaka sita, na kazi ya kukereza chuma alifundishwa na kaka yake huyohuyo. Nilipokuwa na miaka tisa, baba alikuwa akikereza shafti za pampu, fimbo nene za chuma zenye urefu wa mkono. Upande mmoja wa fimbo hushikwa na taya zinazozunguka. Upande wa pili huegemea ncha ngumu iliyochomekwa kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Kichwa hicho husogezwa juu ya reli mpaka kifike kwenye fimbo, kisha hukazwa kwa wenzo kisiondoke. Kikienda pembeni hata kidogo, shafti hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine.

Shafti za baba zilianza kutoka hivyo.

"Kaka, kile kichwa kinahama nikikikaza," alimwambia.

Baba mkubwa akaja na saa yake ya kupimia, ile yenye mshale mwembamba, akaipitisha juu ya fimbo iliyonyooka. Mshale haukutikisika. Akasema mashine iko sawa, fundi aangalie mikono yake. Baba akamwambia tena siku iliyofuata, na tena siku ya tatu. Jibu halikubadilika.

Mzigo ukatoka kwenda kwa wateja bila kungoja ukaguzi, kwa sababu ulikuwa umechelewa, ukarudi wote. Pampu zilikuwa zimekwama. Meneja akawaita ndugu hawa wawili ofisini.

"Jumamosi ulikuwa harusini," akamwambia baba. "Ulikunywa?"

"Nilikunywa Jumamosi. Shafti nimekereza Jumatatu. Kichwa kinahama, mzee. Nimeshamwambia kaka mara tatu."

Meneja akamgeukia mkaguzi. "Wewe unasemaje?"

"Nimepima. Mashine haina kosa."

"Kwa hiyo ni pombe?"

Baba mkubwa akanyamaza.

Kunyamaza kule kulitosha. Baba alifukuzwa kabla ya saa sita, na maneno yakatangulia mbele yake kila karakana aliyokwenda kuomba kazi: yule mlevi, yule aliyeharibu mzigo mzima. Mwisho akaweka meza pembeni mwa soko, akaanza kuchonga funguo. Mtu aliyekuwa akikereza vyuma vya kusukuma maji ya mji mzima akawa anafungulia watu makabati waliyojifungia funguo ndani. Bibi, mama yao, alipougua mara ya mwisho alimshika baba mkono akamwapisha kwamba hatagusa chupa tena. Wakati huo baba alikuwa hajaonja pombe kwa miaka kumi na moja. Aliapa, kwa sababu mgonjwa habishiwi. Baba mkubwa alikuwa amesimama palepale, upande wa miguuni.

Basi miaka ikaenda, baba mkubwa akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wake wako mbali. Akanunua mashine ndogo ya kukereza, ya kuwekwa mezani, akaifunga katika chumba cha nyuma ili ajiliwaze: achonge pia za shaba za kuchezea wajukuu, vishikio vya droo, vitu vya kupitisha siku. Haya yanayofuata amenisimulia yeye mwenyewe, na hakujipunguzia.

Fimbo ya kwanza aliyokereza ilitoka nene upande mmoja. Alifurahi, eti kapata kazi ya kweli. Kichwa cha nyuma kina skrubu mbili za ubavuni; unalegeza ya upande huu, unakaza ya upande ule, nacho kinasogea kidogo kidogo. Akaweka fimbo iliyonyooka, akapitisha saa yake ya zamani, akarekebisha skrubu mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakereza. Ikatoka nene upande uleule, kwa sehemu nne za mia za milimita.

Siku ya pili akaanza upya. Akafuta reli, akabadilisha ncha, akanoa kisu. Sehemu nne. Siku ya tatu akaitukana mashine, yeye ambaye hakuwahi kutukana mtu. Sehemu nne vilevile.

Siku ya nne, asubuhi, alikuwa ameisahau saa ikiwa imeegemea kichwa cha nyuma, akavuta wenzo kukaza. Jicho lake likaona mshale ukiruka. Akalegeza, ukarudi. Akakaza, ukaruka. Alihesabu: nne.

Aliketi juu ya ndoo. Aliniambia hakuwaza mashine iliyo mbele yake hata kidogo. Aliona wazi jinsi alivyopima kiwandani siku zile tatu: kichwa kikiwa huru, wenzo umelegea, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kusogeza. Mdogo wake alimwambia *nikikikaza*. Neno lenyewe alilisikia. Hakulipima.

Alikivua kichwa, akakigeuza. Chini kabisa, kwenye kitako chake, palikuwa na kinundu cha chuma kisichozidi punje ya mchanga, kilichofanya kitako kisikae vizuri, hivyo kila kikikazwa kinalala upande. Akakisugua kwa tupa laini. Akarudisha, akakaza. Mshale haukujongea. Akavaa viatu akaenda sokoni.

Nilikuwapo, nimempelekea baba chakula. Baba mkubwa hata salamu hakutoa.

"Kilikuwa kinahama kikikazwa," akasema.

Baba aliendelea kusugua ufunguo alioushika. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Mara tatu."

"Mara nne. Ya nne ilikuwa mbele ya meneja. Ukatazama viatu vyako."

"Nimekuja kukuomba msamaha, mdogo wangu."

Baba akaupuliza ufunguo vumbi, akautazama mwangani. "Umejuaje?"

Akamweleza habari ya mashine ndogo, fimbo, saa, ndoo. Baba alisikiliza kama fundi, akiuliza maswali mafupi ya kifundi, na kwa dakika chache ungedhani ni ndugu wawili waliokutana kupiga soga.

"Na sasa inakata sawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Uliihangaikia siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne," baba akasema. "Kwa ajili ya pia za watoto. Mimi hukunipa hata saa moja, kaka."

Mteja akaja, baba akamhudumia. Baba mkubwa alisimama kidogo, kisha akaondoka akipita kando kando ya meza za watu.

Hakuishia hapo. Jumapili moja aliwaita ndugu wote nyumbani kwake, akasimama akaeleza kosa lake tangu mwanzo, na kile kichwa cha mashine amekiweka mezani ili waone. Shangazi akamkatiza: "Tumekuja kula au kusoma habari za vyuma?" Watu wakacheka, sahani zikapita. Nadhani wengi hawakuelewa, na walioelewa hawakutaka karaha. Baba hakwenda. Wiki iliyofuata mashine ililetwa kwetu kwa gari, iwe yake. Baba akamwambia dereva airudishe, hakushusha hata boksi moja. Sasa wanasalimiana misibani tu.

Mimi nilirudi nyumbani siku ile ya sokoni nikiwa na jambo langu. Nilipokuwa mtoto, mama alinifundisha kumkumbatia baba kila jioni anaporudi na kunusa pumzi yake, halafu nikamwambie jikoni kama kuna harufu. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Haikuwahi kuwapo harufu, na bado nilinusa.

Juzi nilimwambia baba, nilipompelekea chakula sokoni. Nilitaka kuomba radhi, akaniwahi.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nainama na kukupumulia usoni kabisa. Nilitaka ukamwambie vizuri."

Halafu akaniuliza kama nimechukua vyombo vya jana au nimevisahau tena.