Waya Mnene wa Lori la Kijiji

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huanza kwa kucheka, kisha huona aibu. Juzi wewe na wenzako mlinionyesha gari lenu la kwendea porini, mkaniuliza winchi ya namna gani inalifaa, na waya upi. Niliwajibu harakaharaka kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Nilipofika nyumbani nikaona sikuwatendea haki. Mtu akiulizwa jambo alilojifunza matopeni, asilijibu kwa maneno mawili. Basi nimelitoa daftari langu la zamani, nimelisoma, na sasa nakuandikia. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo penye kosa la kalamu unisamehe. Penye kosa la ukweli usinisamehe.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, upande wa Urambo. Halikuwa lori la serikali wala la tajiri. Tulilipata kwa jasho la shamba la pamoja, na siku lilipoingia kijijini wazee walilipapasa bodi kama wanavyompapasa ng'ombe wa mahari. Mimi ndiye nilikaa nyuma ya usukani. Sitaficha: nilitembea pale kijijini kama mtu aliyelitengeneza lori lile kwa mikono yake.

Utingo wangu alikuwa mzee kuliko dereva. Aliitwa Mzee Maganga, Mnyamwezi, aliyekuwa amekokota magogo kwa miaka mingi katika misitu ya miyombo kabla ya Uhuru. Baba yangu mimi alikuwa Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa mtani wangu, na utani wetu si wa jana. Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo ya misafara, Wazaramo waliwapokea, wakachekana na kutukanana njia nzima mpaka wakawa ndugu. Mtani anakwambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee Maganga."

Naye hujibu, "Marahaba ya Mzaramo nimeisahau nyumbani. Washa gari, nitakuletea kesho."

Sasa, kati ya kijiji chetu na kituo cha kuuzia tumbaku palikuwa na mbuga. Wewe unaijua mbuga kwa kuipita juu ya lami. Sisi tuliijua kwa magoti. Kiangazi ule udongo mweusi hupasuka ukawa mgumu kama tofali, na mvua ikinyesha hushika tairi kama mtoto anayekataa kuachwa. Kila msimu lori lilizama pale. Mwishowe mkutano wa kijiji ukaamua: tununue winchi, mashine ya kulivuta lori likikwama. Nikatumwa Tabora mjini pamoja na Mzee Maganga.

Tukaingia kwenye duka la Bwana Hasanali, muuza vipuri wa asili ya Kihindi ambaye wengi mjini walimjua. Alitutolea winchi moja nzuri ya kuendeshwa kwa injini ya lori, yenye ngoma ya kuviringishia waya. Kisha akatuonyesha waya wa namna mbili. Mmoja mwembamba kiasi, mrefu. Wa pili mnene kama kidole gumba cha mwashi, unang'aa grisi, mfupi.

"Chukua hii ndefu," Bwana Hasanali akasema. "Ngoma ni ileile moja. Ukiweka waya nene, inaingia kidogo tu. Halafu chukua na kapi hii. Unapitisha waya kwenye kapi, unairudisha kwenye gari, nguvu inakuwa mara mbili. Lakini waya lazima iwe ndefu."

Mimi nikaunyanyua ule mnene. Uzito wake ulinipendeza. Nikamjibu kwa methali, nikijiona msomi: "Kamba hukatikia pembamba, Bwana Hasanali."

"Hii pembamba inavuta lori yako na mzigo yake, na inabakisha nguvu. Mimi nauza zote mbili, kijana. Kwangu faida ni kwenye hiyo nene."

Nataka uliandike hilo moyoni, mwanangu. Mtu yule alisema faida yake iko wapi, na bado akanielekeza kwingine.

Mzee Maganga alikuwa akilizungusha lile kapi kwa kidole. Akauliza, "Dereva, pale mbugani mti wa kufungia uko wapi?"

"Miti ipo."

"Ipo Tabora nzima. Nauliza wako."

Nikacheka, nikamwambia kapi ni kitu cha kuchotea maji kisimani. Nikachukua waya mnene. Na sababu, kama ninavyoisoma katika daftari hili, si nguvu. Niliwaza jinsi watakavyoutazama kijijini.

Na kweli waliutazama. Fundi wa mjini alitufungia winchi mbele ya lori, nami nilizunguka kijiji mara mbili bila sababu. Akina mama waliacha kubangua karanga. Mwenyekiti aliupiga waya ngumi, akatikisa mkono kwa maumivu, watu wakashangilia. Usiku ule furaha ilininyima usingizi.

Safari ya kwanza na tumbaku, mvua za mwisho zilikuwa hazijakwisha. Tulipakia marobota mpaka juu, tukafunika turubai. Juu kabisa yalikaa marobota ya Mama Nyamizi, mjane aliyekuwa ameikausha tumbaku yake mwenyewe, bani moja, yaani kibanda cha kukaushia, moto mmoja, bila msaidizi. Tukafika mbugani, katikati yake kabisa, lori likaketi. Halikuzama kwa kelele. Liliketi kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

Sikuwa na wasiwasi. Nilishuka kifua mbele, nikaushika waya wangu mnene, nikauvuta kuelekea ukingo wa msitu. Nikavuta, nikavuta. Ngoma ikaisha. Mti wa kwanza ulikuwa bado mbele yangu, hatua arobaini. Daftarini nimeandika arobaini, lakini niliandika nikiwa na aibu, huenda zilikuwa hamsini. Nikasimama na kulabu mkononi kama mtu aliyeshika hatamu ya punda asiyekuwapo. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mashariki.

Nyuma yangu nikasikia kilio. Nilidhani mtu ameumia. Kumbe ni Mzee Maganga, amejitupa matopeni mbele ya lori, analia msiba! Watani ndivyo wafanyavyo msibani, humwigiza marehemu.

"Uwiii! Lori letu limekufa mikononi mwa Mzaramo! Waya mnene, mrefu kama mkia wa sungura!" Akainuka, akatembea kifua mbele akiniigiza, akaushika waya hewani, akavuta, akakwama, akatazama mti kwa mbali na kuusihi, "Ewe mti, sogea kidogo, dereva amefika!"

Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nadhani ndiyo dawa ya utani: aibu inakutoka kabla haijakuozesha.

Kisha mzee akabadilika. Akafungua tairi la akiba, akapima kwa macho mahali waya ulipoweza kufika, akaniambia, "Kama mti hauji, tutaupanda." Alikuwa na maana kwamba tuzike tairi lile ardhini, tulifunge kwa waya, liwe mti wetu. Tukaanza kuchimba kwa jembe na koleo. Udongo ule ukiupiga unakurudishia nusu na kunata na nusu nyingine. Wakulima wa kijiji cha jirani walituona, wakaja na majembe yao bila kuitwa, kama kumi na wawili, wakachimba kwa nyimbo. Wengine sikuwajua, na sikuwahi kuwajua. Hili najivunia mpaka leo, ingawa si mimi niliyelifanya: enzi zile jembe la mtu lilikuwa halimwulizi mwenye shida ni wa wapi.

Tukalizika tairi kina cha kiuno, tukashindilia. Mzee akatundika gunia lililoloweshwa maji katikati ya waya, akawafukuza watu wote kando. "Waya ukikatika ukiwa mtupu, unapiga kama nyoka," alisema. "Ukiwa na gunia, unaanguka." Nikawasha winchi. Waya ukalia, ardhi ikafura pale tulipozika, tairi likashika. Lori likatoka matopeni likinguruma, na watu kumi na wawili wakapiga vigelegele kama wanawake wa harusi.

Lakini kuchimba kulichukua muda, na mvua haikusubiri. Turubai lilikuwa na tundu juu. Tulipofika kituoni, marobota ya Mama Nyamizi yalikuwa yamelowa, yakakataliwa.

Mkutano ukaitwa. Mama Nyamizi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani aliyeuchagua waya ule?"

Kabla sijafungua mdomo, mtu mmoja nyuma akasema, "Si yule Mhindi wa mjini! Kawauzia waya mfupi!" Mwingine akadakia, "Mnyonyaji! Anahujumu kijiji!" Maneno yakashika moto kama nyasi za Agosti. Mwenyekiti, ambaye namsifu kwa mengi na ambaye alikuwa na hasira ya haki kwa ajili ya mjane, akasema barua iandikwe wilayani, duka lile lichunguzwe, lifungwe ikibidi. Miaka ile, mwanangu, barua ya kijiji kizima haikuwa mchezo. Karani akaandika. Kisha karatasi ikaletwa kwangu, niliyekuwapo dukani, nitie sahihi kama shahidi.

Nilishika kalamu. Andiko la daftari ni fupi hapa: "Nilinyamaza." Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na uongo wa wengine ukanifaa.

Nikamtazama Mzee Maganga, nikitegemea mzaha wake unitoe pale. Akasimama, akavua kofia.

"Bwana Dereva," akasema kwa upole, "wewe ni mtu mzima, unajua kusoma. Fanya unavyoona ni vema, bwana wangu."

Akaketi. Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama heshima ile. Mtani wako akianza kukuita bwana mbele za watu, ujue amekufukuza udugu.

Nikaiweka kalamu chini. Nikasema, "Bwana Hasanali alinishauri waya mrefu, na kapi. Mzee huyu aliniuliza mti uko wapi. Mimi nilichagua mnene kwa sababu ulipendeza machoni. Aliyelowesha tumbaku ya mama ni mimi."

Karani akaichana ile barua polepole, kwa sababu karatasi ilikuwa haba na alitaka kutumia upande wa pili wa vipande. Nilinyang'anywa ufunguo msimu mzima. Nikawa utingo wa dereva mwingine, na kila jioni nilikwenda kwenye bani la Mama Nyamizi kumpasulia kuni mpaka tumbaku ya mwaka uliofuata ilipokauka. Wapo waliosema adhabu ilikuwa kubwa, wapo waliosema ndogo. Mimi naona ilitosha.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule nilimwamkia Mzee Maganga kwa woga.

"Marahaba, Mzaramo," akajibu. "Leo nimeileta."

Tulirudi Tabora, tukabadilisha waya. Bwana Hasanali akaupokea ule mnene, akalifuta kapi vumbi, akatupatia pamoja na waya mrefu, hakuuliza neno. Sikumwambia habari ya barua. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilijihurumia mwenyewe, na amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimpa nusu: mbele ya kijiji nilimpa, mbele yake sikumpa. Lakini nikihesabu ninayojivunia maishani, na si mengi, yale maneno machache niliyoyasema mkutanoni yako mbele ya safari zote nilizoendesha.

Basi winchi, mwanangu. Chukua yenye nguvu kuzidi uzito wa gari na mzigo wake, na nusu ya uzito huo tena, kwa sababu tope nalo linavuta. Waya usiutazame unene kwanza. Nenda kwenye njia yako mbaya kuliko zote, utembee kwa miguu toka pale gari linapozama hadi kwenye mti, uhesabu hatua, ndipo uende dukani. Usiache kapi. Vaa glavu, nyuzi za waya zikikatika huchoma kama miiba. Usiruke juu ya waya uliokazwa hata kama unaitwa kula. Na usiufungue wote, acha mizunguko kadhaa ibaki kwenye ngoma.

Kisha hili ambalo hukuniuliza. Ukiharibu, utatokea mtu mbali, asiyekuwapo, asiyependwa, ambaye kosa lako litamkaa vizuri kama kanzu ya kushonewa. Usimvishe. Sema mapema, kabla karatasi haijafika mkononi mwako, maana mimi nilichelewa na karibu nisiseme. Na ukiwa na mtani wa kukucheka usoni, mtunze kuliko gari.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, wewe na wenzako. Akupe tairi linaloshika na ulimi usioteleza. Popote utakapokwama, wawepo watu watakaokuja na majembe bila kuitwa, nawe uwe mmoja wao wanapokwama wengine. Amina.